Jiko Lililoandikwa Bovu

Alisema "hii ni ya mzee" au alisema "hii ni mzee"?

Kwa majuma matatu swali hilo lilininyima usingizi. Nililigeuza na kuligeuza kama mtu anayegeuza chapati iliyokwisha kuungua pande zote. Kama alisema "ya mzee", basi mimi ni mwongo na mtu mbaya. Kama alisema "mzee" tu, basi nilikosea lugha, na kosa la lugha si dhambi.

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Nalisema mapema, maana katikati kuna mahali utatamani kunihurumia. Usithubutu!

Mimi ni msichana niliyemaliza chuo kikuu juzijuzi. Nilipangiwa ofisi ya maendeleo ya jamii, Lodwar, niwasaidie akina mama kuanzisha miradi. Kwetu ni nyanda za mvua, na siku ninaondoka mama yangu alilia kana kwamba nimehukumiwa kifungo. Tena mimi ni mtu wa kuwaza mno. Mtu akiniambia habari za asubuhi, jioni bado nachunguza alimaanisha nini.

Mkate Lodwar ulikuja na lori kutoka Kitale. Ulifika umelala siku tatu, na barabara ikikatika ulifika umeota ndevu za kijani. Nikawaza, kwa nini akina mama wa kikundi changu wasioke wenyewe, hapahapa? Walikubali. Kilichokosekana ni tanuri.

Tanuri nilikuja kuliona Kakuma, nilikotumwa kwa kazi ya ofisi. Nyuma ya nyumba ya wageni ya serikali, ile ya tangu enzi za wakoloni, kulikuwa na jiko la kuni la chuma limelala ubavu kwenye miiba. Mguu mmoja haukuwepo. Wavu wa kushikilia kuni ulikuwa umeliwa na moto hadi ukawa kama meno ya kizee. Ndani ya tanuri kuku alikuwa ametaga.

Siku hiyohiyo vitu vikuukuu vya serikali vilikuwa vinauzwa pale: vitanda, tangi lililotoboka, na hilo jiko. Hakuna aliyeshindana nami. Karani alilichungulia, akamfukuza kuku, akaandika kwenye risiti: "Jiko la chuma la kuni, moja, bovu."

Bovu! Nililikunja lile neno nikalitia mkobani bila kulifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu.

Tulilipakia juu ya lori la ngozi za mbuzi. Dereva alicheka mpaka akashika usukani kwa kiwiko.

"Madam, unapeleka jiko Lodwar? Jua limekukosea nini? Weka unga nje tu, utaiva!"

Tulilishusha uani kwangu, mtaa wa Kanamkemer. Ndipo Mama Akiru alipoingia katika habari hii. Ni mjane, kiongozi wa kikundi changu, na ndiye aliyekuwa akiniletea kuni. Jina lake nimelibadilisha. Staha hiyo ndogo ndiyo iliyobaki kati yangu naye. Alilizunguka jiko mara mbili.

"Ejok," akaliamkia, kama anayemwamkia mtu. Halafu akanigeukia. "Hii kitu imekufa, mwanangu."

"Tutaifufua, mama."

"Wewe ni padri?"

Lakini alikaa chini, akachukua jiwe, akaanza kukwangua. Tulikwangua kutu majuma mawili, sisi wanawake watano, kwa mawe na mchanga mkavu wa mtoni. Fundi wa malori alitutengenezea wavu mpya kwa springi za lori lililokufa, na mguu akauchonga kutoka bomba la kisima cha zamani. Nyufa tuliziziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu na chumvi. Nilikuwa nimeandika vipimo vya mchanganyiko huo katika daftari, kurasa nne. Mama Akiru akauonja kwa ulimi, akatema, akaongeza majivu konzi moja. Ulishika, haukupasuka tena.

Mwisho tukalipaka mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochanganywa na masizi, tukawasha moto mdogo, tukauzima, tukawasha tena, siku tatu, ili chuma kisipasuke. Jiko likang'aa jeusi, kama ngozi ya mtu aliyejipaka mafuta kwenda ngomani.

Mkate wa kwanza ulikuwa jiwe. Mama Akiru aliugonga kwa kidole. "Hii ni chakula ya watu ama ni ya kupiga fisi?" Tulicheka hadi tukaketi chini. Wa nne uliumuka. Wa tano uliliwa ungali moto, na mama mmoja akalamba makombo kitambaani akasema kesho tupike kumi.

Kwa mwezi mmoja nilikuwa na furaha. Nalisema hilo ili mjue nilichonyang'anywa.

Aliyeninyang'anya nitamwita Bwana Stoo, kwa kuwa funguo za stoo za serikali zilining'inia kiunoni mwake, na akitembea zilimtangulia kwa kelele. Alikuwa mkubwa wangu kwa cheo na kwa tumbo. Alikuja siku moja amefuata harufu. Akala vipande viwili, akasifu, akajipangusa midomo, akaenda zake. Kesho yake akarudi na wanaume sita na lori.

"Madam, ulinunua nini Kakuma?"

"Jiko, bwana."

"Soma risiti."

Nikasoma: jiko la chuma la kuni, moja, bovu.

"Hili hapa ni bovu?"

"Hapana, tumelitengeneza."

"Basi hili si lile." Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Serikali ilikuuzia jiko bovu. Hili ni zima. Jiko zima la serikali halijauzwa kwa mtu yeyote. Wewe ni msomi, madam. Tafuta lile bovu lako, ulichukue, hakuna atakayekuzuia."

Miaka yote ya chuo! Jibu lilinijia siku tatu baadaye nikiwa naoga, jibu zuri, lenye sehemu mbili, nikalisema kwa sauti nikiwa na sabuni machoni. Lakini siku ile nilishika risiti tu, huku wanaume sita wakilibeba jiko letu likiwa bado vuguvugu.

"Anasema nini?" Mama Akiru akauliza. Nikamweleza.

"Ukinunua mbuzi mgonjwa, akipona anarudi kwa mwenye kuuza?"

"Hapana."

"Sasa hii sheria ni ya wapi?"

Jiko lilipelekwa nyumbani kwa Bwana Stoo. Mke wake alikuwa amekuja kutoka kwao na alipenda keki. Keki!

Hapo ndipo nilipoingiwa na kitu ambacho sikujua ninacho. Nilimchukia yule mtu kwa bidii, kama mtu anayesomea mtihani. Nilipanga kulipasua jiko. Nilipanga kuziba dohani kwa matambara wajazwe moshi. Lakini kila mpango niliuona mwisho wake: mkewe angekohoa, na mkewe hakunikosea. Nikauacha, nikapanga mwingine. Ofisini nilimwamkia "shikamoo" kila asubuhi.

Halafu mwenyewe akaja mezani kwangu.

"Madam, hili jiko lako linakula nini?"

Sikieni hapo! Likiwa na shida lilikuwa langu.

"Kuni za kununua zinateketea kama majani," akasema. "Mama anashindwa kuoka."

"Hizo ni nyembamba, bwana. Linataka magogo ya mgunga, mazito."

"Nitayapata wapi?"

Sasa nataka uelewe jambo moja kuhusu Lodwar. Mgeni akiutazama msitu wa kando ya mto Turkwel huona pori. Sio pori. Kila mti pale una watu wake. Sehemu ya familia huitwa ekwar, na hurithiwa kama shamba linavyorithiwa kwetu. Kiangazi kikikaza, maganda ya migunga huanguka, na mbuzi huishi kwa hayo. Wageni wengi hawajui. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa na mwanamke niliyemwita mama.

Chini kidogo ya kivuko kulikuwa na mgunga mkubwa, umeinamia mto, tawi moja limekauka. Siku moja tukipita hapo Mama Akiru aliuonyesha akasema neno lake. "Hii ni ya mzee." Yaani ya marehemu mumewe. Au "hii ni mzee," mti uliochakaa tu. Mama Akiru huzungumza Kiswahili cha kujitafutia, kama sote tunavyozungumza Kiturkana chetu.

Nikamwambia Bwana Stoo: "Uko mmoja chini ya kivuko, umeinama, una tawi kavu. Huo ungekutosha mwaka mzima."

Na yeye, mwizi yule, aliuliza swali la haki. "Una mwenyewe?"

"Hauna mwenyewe," nikasema.

Kwa nini mti ule na si mwingine? Nitasema yote. Mama Akiru ana shemeji, ndugu wa marehemu mumewe, mtu mkali ambaye hata askari humpisha njia. Nilijua mti wa ukoo wake ukiguswa atamfuata Bwana Stoo hadi uvunguni. Nilimchagua shemeji kama mtu anavyochagua rungu. Kuhusu Mama Akiru mwenyewe nilijiambia kwamba watakata tawi kavu tu. Nilijiambia.

Asubuhi moja nikiwa ofisini nilisikia shoka. Nikaomba chai. Nikaiongeza sukari. Nilikunywa nikisikiliza, na nisidanganye, ilikuwa tamu. Ilipofika saa sita shoka lilikuwa bado linalia, nami nikajua hilo si tawi.

Waliuangusha wote.

Shemeji alifika mjini kesho yake, na wazee wakaitisha kikao palepale mtoni. Walikaa kwenye vigoda vyao wakitazama kisiki. Bwana Stoo aliletwa kwa amri ya wakubwa wake, bila funguo, suruali imejaa mchanga. Kando yake alisimama kibarua aliyeshika shoka, kijana anayeitwa Ekal, mvuvi kutoka Lowarengak aliyekuja Lodwar kutafuta kazi.

"Wewe ni Mturkana," mzee mmoja akamwambia. "Hukuuliza mti ni ya nani?"

"Mzee, mimi ni mtu ya samaki. Kwetu hakuna hii msitu. Huyu bwana alisema hauna mwenyewe."

"Hata samaki inajua mti ya mto iko na watu!"

Watu wakacheka. Ekal hakucheka. Ndipo Bwana Stoo akainua kidole, akanielekezea.

"Mimi niliambiwa na madam. Yule pale. Alisema hauna mwenyewe. Nilimwuliza waziwazi!"

Wote wakanigeukia. Alikuwa anasema kweli, labda mara ya kwanza tangu nimjue, na alikuwa anatoka jasho, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Utamu ulioje!

"Mimi?" nikasema. "Mimi ni mgeni hapa. Ningejuaje miti ya watu?"

Mama Akiru akasimama. Alisema kwa Kiturkana, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Bwana Stoo asikie: "Huyu ni mtoto yangu. Nimemfundisha. Hawezi kusema hivyo. Huyu mtu alikula mkate yetu, akabeba jiko yetu, sasa anabeba jina ya mtoto yangu. Kama nasema uongo, chukueni mbuzi zangu zote."

Aliniwekea mbuzi wake dhamana! Na mimi nikainamisha kichwa, kama mtu aliyeonewa.

Wazee waliamua Bwana Stoo na Ekal wamlipe mjane mbuzi wanane, wawalete baada ya majuma matatu, nusu kwa nusu.

Majuma hayo kisasi changu kilistawi. Hakuna mwanamke Lodwar aliyemuuzia Bwana Stoo hata kijiti. Yale magogo wazee walizuia yasiguswe. Jiko likakaa baridi jikoni kwake, jeusi, zuri, halina kazi. Mkewe akafunga sanduku akarudi kwao. Ikaja barua ya kumhamisha, na minong'ono kwamba atashushwa cheo. Kila habari nilipelekewa mezani, na kila moja niliipokea kwa uso wa huzuni. Alipita dirishani mwangu akitembea taratibu, na funguo zake hazikulia tena.

Lakini nilipotoka ofisini kulikuwa na vitu vingine vya kuona.

Kiangazi kilikaza. Mbuzi wa Mama Akiru walikwenda kwenye kisiki kwa mazoea, wakakizunguka, wakalamba mchanga. Wakaanza kufa, wadogo kwanza. Maziwa yakakatika. Mjukuu wake alikuwa anakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni. Na bado Mama Akiru aliniletea kuni, akaziweka mlangoni, akanishika mkono. "Usisumbuke na maneno ya yule. Mungu anaona."

Ekal nilimkuta sokoni. Mbuzi wake wote ni wanne, wanachungwa na dada yake huko Lowarengak. Alikuwa anatafuta lori la kwenda kuwaleta.

Basi nikaanza kuwaza, kazi ninayoiweza. Nimpe Ekal mbuzi kwa siri? Angeuliza kwa nini, na Lodwar hakuna siri ya mbuzi. Niandike barua isiyo na jina? Wazee hawasomi barua, na kila mtu anaujua mwandiko wangu. Niseme nilisikia mtu mwingine akisema? Nani? Kila njia niliyoichora iliishia palepale: neno la kumwokoa Ekal lilikuwa lilelile la kumwokoa Bwana Stoo. Sikuweza kuvuta mmoja bila kumvuta mwingine. Kumwachilia yule mtu! Kumfanya mkweli mbele ya watu wote! Kuna siku nilifikiri bora Ekal alipe.

Ndiyo, nilifikiri hivyo. Hilo ndilo ungamo hasa. Mti ulikuwa hasira. Hili lilikuwa mimi.

Nikajificha katika lile swali. Labda alisema "mzee" tu. Labda sikuelewa. Nilichambua ngeli kama niko mbele ya mwalimu wangu wa sarufi. Mpaka jioni moja, nikiwa nachambua, nikakumbuka mkono wake. Siku ile mtoni Mama Akiru aliupiga mti kiganja mara moja, kisha akajipiga kifuani. Mti, kifua. Halafu akanionyesha gunia lake la maganda. Kifua hakina ngeli. Nilielewa wakati uleule, na nilielewa nilipokuwa nikisema hauna mwenyewe.

Siku ya kikao cha pili nilikwenda mapema ili nisipate nafasi ya kubadili nia. Ekal alikuwa amefika na mbuzi wake wanne, wamechoka kwa safari. Bwana Stoo alisimama peke yake. Sikungoja kuulizwa.

"Yule bwana alisema kweli," nikasema. "Aliniuliza kama mti una mwenyewe. Nilimwambia hauna. Nilijua ni wa nani. Nilitaka aumie kwa sababu ya jiko."

Mzee mmoja akaomba nirudie. Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa walikuwa wanasikiliza.

Uamuzi haukuchukua muda. Aliyedanganya ndiye mkataji. Mbuzi wote wakawekwa juu yangu. Ekal alikusanya wake bila kunitazama akaondoka. Bwana Stoo akanijia akitabasamu, amenyoosha mkono. "Asante, madam. Umejitahidi." Mkono ule niliutazama ukining'inia hewani mpaka akauchoka mwenyewe. Nilimpa haki yake. Msamaha sikumpa, na jiko letu ameshaondoka nalo.

Mama Akiru aliniuliza swali moja tu.

"Wakati nimesema wewe ni mtoto yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu ambacho hatakinunua.

Wewe unayesoma, kama una adui, sikwambii umpende. Mimi wangu namchukia hadi leo na sina haraka ya kuacha. Lakini mfuate kwa miguu yako, umwambie usoni, hata kama jibu lako litakujia ukiwa unaoga. Usimpige adui kwa mkono wa kibarua, wala usimtupie mti wa mjane. Na ukishafanya, sema kabla mtu mwema hajasimama kukutetea. Baada ya hapo kila neno lina bei nyingine.

Mbuzi nilikwenda kuwanunua Katilu. Sikuwatuma na lori. Nilitembea nao pamoja na mchungaji mmoja, siku nne kufuata mto, malengelenge hadi visigino. Tulipofika, Mama Akiru alisogeza tawi la miiba linaloziba zizi, akawapokea mmoja mmoja, akiwapapasa mbavu. Wa mwisho alipoingia alirudisha tawi mahali pake, yeye ndani, mimi nje. Nilingoja kidogo, kisha nikashika njia ya mjini.